Kutoka Mganda hadi Mgunda: Dhana Moja ya Jiometri ya Kisasa, Matumizi Yake katika Fizikia na Suala la Istilahi

1. Utangulizi

Imezoeleka miongoni mwa wasomi wa Kiswahili kudai kwamba lugha hii ina uwezo wa kubeba taaluma yoyote ile. Dai hilo hutolewa katika makongamano na kuitikiwa kwa makofi, lakini ni nadra lipimwe kwa mzigo ulio mzito kweli. Mara nyingi mifano inayotolewa ni ya kompyuta na simu, yaani vifaa ambavyo mtumiaji huviona kwa macho na kuvishika kwa mikono. Ugumu halisi hujitokeza pale lugha inapotakiwa kueleza jambo lisiloonekana wala kushikika, ambalo hata katika lugha za Ulaya lilipewa jina kwa taabu.

Makala haya yanalenga kukipima Kiswahili kwa mzigo wa aina hiyo. Dhana iliyoteuliwa ni ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "stack" na kwa Kifaransa "champ", mojawapo ya nguzo za jiometri ya kisasa, ambayo pia imejipatia nafasi katika fizikia ya nadharia. Mifano itatolewa katika eneo la Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hilo lina mawe, mipaka na lugha zinazoweza kuifafanua dhana hiyo vizuri. Pili, mtoto wa huko kwa kawaida huzungumza Ekegusii nyumbani, Kiswahili sokoni na pamoja na wageni, kisha hufundishwa hisabati kwa Kiingereza. Iwapo Kiswahili hakitafanya kazi katika hisabati ya mtoto huyo, basi hadhi ya lugha rasmi kiliyopewa na Katiba ya mwaka 2010 haitakuwa na maana kwake darasani.

2. Pembetatu za Tabaka

Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ni maarufu kwa mawe ya sabuni. Jiwe hili ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, na mafundi wa huko hulichonga likawa bakuli, sahani, wanyama na kete za sataranji. Na tuchukulie kwamba fundi mmoja ameamua kuchonga vibao vya pembetatu tu, na kwamba mnunuzi anataka daftari lenye orodha ya maumbo yote yanayowezekana. Ukubwa haujalishi, kinachojalisha ni umbo. Kila umbo liandikwe mara moja.

Kazi hiyo inaonekana nyepesi. Hata hivyo, fundi atagundua kwamba pembetatu hazina tabia moja. Pembetatu ambayo pande zake zote tatu zinatofautiana inaweza kurudishwa katika tundu lililokatwa kwa umbo lake kwa njia moja tu. Pembetatu yenye pande mbili sawa inaweza kurudishwa kwa njia mbili, kwa kuwa inaweza pia kupinduliwa. Nayo pembetatu yenye pande zote sawa inaweza kurudishwa kwa njia sita: huzungushwa mara tatu, na kwa kila mzunguko huweza kupinduliwa. Njia hizi za kitu kujirudia chenyewe ndizo zinazoitwa ulinganifu wa kitu hicho. Kwa hiyo, ulinganifu wa pembetatu hizo tatu ni 1, 2 na 6 mtawalia.

Je, daftari linapaswa kuyaandika haya? Kwa muda mrefu wanahisabati waliona kwamba si lazima. Kila umbo lilipewa nukta moja katika daftari, na ulinganifu ukaachwa nje. Mfano ufuatao unaonyesha hasara ya kufanya hivyo.

Chukua bangili mbili za jiwe la sabuni. Badala ya kuwa na mwili wa duara kama bangili za kawaida, hizi zina mwili wa pembetatu: ukizikata popote, mkato unaonyesha pembetatu yenye pande zote sawa. Bangili ya kwanza imechongwa bila msokoto. Ya pili imesokotwa polepole, na kufikia pale mwisho unapokutana na mwanzo, pembetatu imekwisha kuzunguka thuluthi moja ya duara. Kwa kuwa pembetatu hiyo ina ulinganifu, ncha mbili zinaungana barabara na hakuna mshono unaoonekana.

Sasa mweke siafu juu ya ukingo wa bangili ya kwanza naye aufuate. Atarudi alikoanza baada ya mzunguko mmoja. Mweke juu ya ukingo wa bangili ya pili. Baada ya mzunguko mmoja atajikuta kwenye nafasi iliyokuwa ya ukingo wa jirani, na itambidi azunguke mara tatu ndipo arudi. Bangili ya kwanza ina kingo tatu. Ya pili ina ukingo mmoja tu mrefu. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Lakini daftari linasema nini? Katika kila sehemu ya bangili ya kwanza, mkato ni pembetatu yenye pande sawa. Katika kila sehemu ya bangili ya pili, mkato ni pembetatu iyo hiyo. Daftari linazihesabu bangili hizo kuwa kitu kimoja. Habari iliyopotea ni habari ya ulinganifu: si kwamba vitu viwili vinafanana, bali ni kwa njia gani vinafanana.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana inayojadiliwa. Daftari la kawaida hujibu swali, "Je, vitu hivi ni sawa?" Dhana mpya hujibu swali la pili pia: "Ni sawa kwa njia zipi?"

3. Kuunganisha Vipande: Mfano wa Keroka

Ili dhana hiyo ielezwe kwa ukamilifu, inafaa kuanza na ile iliyoitangulia, ambayo kwa Kifaransa huitwa "faisceau". Hapa itaitwa mganda, kwa maana ile ile ya mabua ya nafaka yaliyofungwa pamoja.

Mji wa Keroka uko mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Na ichukuliwe kwamba wapimaji wawili wametumwa kupima mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari, mmoja kutoka upande wa Kisii na mwingine kutoka upande wa Nyamira, na kila mmoja akavuka mpaka kidogo ili asiache pengo. Maeneo yao yanapishana Keroka. Ikiwa katika kila nukta ya Keroka namba za wapimaji hao ni zile zile, basi ramani zao zinaweza kuunganishwa zikawa ramani moja ya Gusii nzima, tena kwa namna moja tu. Hiyo ndiyo tabia ya mganda: habari za vipande, zikipatana mahali zinapopishana, hujenga habari moja ya mahali pote. Habari inayopatikana karibu kabisa na nukta moja huitwa bua la nukta hiyo. Mabua yote yakifungwa pamoja ndiyo mganda.

Katika mganda, kupatana maana yake ni kuwa sawasawa. Mwinuko wa mahali fulani ni namba. Namba mbili ama ni moja ama si moja. Lakini je, itakuwaje iwapo kinachowekwa juu ya kila mahali si namba bali ni kitu chenye ulinganifu, kama vile kibao cha pembetatu? Mpimaji wa Kisii ana kibao chake juu ya Keroka, na mpimaji wa Nyamira ana chake. Vibao hivyo vinafanana. Hata hivyo, ili viunganishwe, haitoshi kusema kwamba vinafanana. Lazima isemwe ni ncha ipi ya kibao hiki inayokutana na ncha ipi ya kibao kile, na kuna njia sita za kufanya hivyo. Uteuzi wa njia ni sehemu ya habari yenyewe. Bangili mbili za Tabaka zinatofautiana kwa uteuzi huo tu.

4. Sharti la Watatu

Maeneo yakiwa matatu, hujitokeza sharti jipya. Wanafunzi wa lugha hawatashindwa kulielewa, kwa kuwa ni sharti ambalo mfasiri hukumbana nalo kila siku.

Lugha tatu hukutana katika mji wa Kisii: Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza. Na ziwepo kamusi tatu: moja ya Ekegusii na Kiswahili, ya pili ya Kiswahili na Kiingereza, na ya tatu ya Ekegusii na Kiingereza. Kila kamusi ni njia ya kulinganisha lugha mbili. Ukilichukua neno la Ekegusii "omonto", ukalipeleka katika Kiswahili likawa "mtu", kisha ukampeleka mtu huyo katika Kiingereza, utafika pale pale ambapo kamusi ya tatu ingekufikisha moja kwa moja. Kamusi hizo tatu zinapatana. Lakini si maneno yote yaliyo hivyo. Kiingereza kina neno la kiganja pamoja na vidole vyake, na neno jingine la sehemu inayotoka begani. Kiswahili cha kawaida huziita zote mkono. Ukianza na neno la kwanza la Kiingereza, ukapitia Kiswahili, unaweza kurudi Kiingereza ukiwa na neno la pili. Safari haikufunga.

Dhana inayojadiliwa inadai kwamba safari zifunge. Njia ya kutoka eneo la kwanza kwenda la pili, ikifuatwa na njia ya kutoka la pili kwenda la tatu, lazima iwe sawa na njia ya moja kwa moja kutoka la kwanza kwenda la tatu. Sharti hilo likitimia popote maeneo matatu yanapopishana, vipande vyote vinaungana na kuwa kitu kimoja.

Sasa fasili yenyewe inaweza kutolewa. Dhana hii ina mambo manne: kwanza, juu ya kila eneo kuna mkusanyiko wa vitu pamoja na njia zote za kuvilinganisha, pili, kitu kilicho juu ya eneo kubwa kinaweza kutazamwa juu ya eneo dogo lililo ndani yake, tatu, njia za kulinganisha zenyewe huungana kama habari za mganda zinavyoungana, na nne, vitu vilivyo juu ya vipande, vikipewa njia za kulinganishwa zinazotimiza sharti la watatu, huungana vikawa kitu kimoja juu ya eneo zima. Pale ambapo kila kitu kina njia moja tu ya kujilinganisha na nafsi yake, dhana hii inarudi kuwa mganda. Kwa hiyo mganda ni hali mahususi, nayo dhana hii ni pana zaidi.

5. Suala la Jina

Historia ya majina haya ni ya kilimo. Jean Leray, mwanahisabati wa Ufaransa, aliianzisha dhana ya mganda katika utafiti alioufanya akiwa mfungwa wa vita nchini Austria kati ya mwaka 1940 na 1945. Baadaye kundi la Alexander Grothendieck karibu na Paris liliipanua. Jean Giraud aliieleza kwa kina ile dhana pana katika kitabu chake cha mwaka 1971, akiiita "champ", yaani shamba. Pierre Deligne na David Mumford, katika makala yao ya mwaka 1969, waliiita kwa Kiingereza "stack", yaani lundo, kama vile lundo la nyasi kavu. Michael Artin aliipanua zaidi mwaka 1974. Hivyo basi Mfaransa anaona shamba pale ambapo Mwingereza anaona lundo.

Kiswahili kina njia tatu. Ya kwanza ni kulikopa neno la Kiingereza na kuliita staki. Njia hii ni rahisi, lakini neno hilo halimwambii mwanafunzi chochote. Ya pili ni kutafsiri Kiingereza na kusema lundo. Udhaifu wake ni kwamba lundo ni vitu vilivyorundikwa bila mpango, ilhali dhana yenyewe inahusu vitu vilivyopangwa na kuunganishwa kwa masharti makali. Ya tatu ni kufuata Kifaransa na kusema shamba. Hii inakaribia zaidi. Mashamba mengi ya Gusii ni vishoroba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, kila kimoja kikiwa na mpaka na jirani yake, na kilima kizima kinajulikana kwa vishoroba hivyo na mapatano ya mipaka yao.

Hata hivyo, kanuni za uundaji wa istilahi za Kiswahili zinaelekeza kwamba kabla ya kukimbilia lugha za kigeni, mwanaistilahi atafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu. Ekegusii huliita shamba "omogondo". Kiswahili kina neno la ukoo huo huo, ingawa limefifia: mgunda, wingi wake migunda. Ndilo lililohifadhiwa katika jina la Mgunda Mkali, eneo la Tanzania ya kati ambalo misafara ya karne ya 19 ilililalamikia kwa ukame wake.

Makala haya yanapendekeza mgunda. Sababu ni tatu. Kwanza, neno hilo halina kazi nyingi katika matumizi ya sasa, kwa hiyo linaweza kupewa maana mahususi bila kuligombania na mkulima. Pili, mganda na mgunda ni maneno yanayotofautiana kwa irabu moja tu, na dhana zake pia zinakaribiana vivyo hivyo. Tatu, linakiepusha Kiswahili na utata uliomo katika Kifaransa. Mfaransa hulitumia neno lile lile "champ" kwa dhana hii na kwa nguvu ya sumaku iliyoenea mahali fulani. Kiswahili cha fizikia, hasa Tanzania, kimekwisha kulizoea neno uga katika istilahi kama vile uga wa sumaku. Mwanafizikia wa Kiswahili anaweza kuzungumzia mgunda wa nyuga bila kumchanganya msikilizaji. Mfaransa hana anasa hiyo.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba maneno yanayokaribiana kwa sauti yatawachanganya wanafunzi. Hofu hiyo si ya bure. Lakini wanafunzi hao hao hutofautisha kata, kita na kuta bila shida, kwa kuwa kila neno limekaa mahali pake katika sentensi.

6. Mgunda katika Fizikia ya Nadharia

Je, fizikia inauhitaji mgunda kwa kazi gani? Jibu fupi ni kwamba sheria za kimsingi za maumbile zimeandikwa kwa lugha inayoruhusu jambo moja kuelezwa kwa njia nyingi.

Mwaka 1931, Paul Dirac alichunguza uwezekano wa kuwepo kwa sumaku yenye ncha moja tu. Aligundua kwamba uga wa sumaku hiyo hauwezi kuelezwa vizuri kwa fomula moja juu ya tufe zima linaloizunguka. Mwaka 1975, Tai Tsun Wu na Chen Ning Yang walieleza jambo hilo kwa vipande: fomula moja kwa nusu ya kaskazini, nyingine kwa nusu ya kusini, na njia ya kuzilinganisha kwenye ikweta. Njia hiyo huzunguka mara kadhaa mtu anapoizunguka ikweta, na idadi ya mizunguko lazima iwe namba kamili: sufuri, moja au mbili, lakini kamwe si moja na nusu. Hivyo nguvu ya sumaku ya namna hiyo huja kwa viwango kamili tu. Sumaku yenyewe haijathibitishwa kuonekana hadi sasa, ila hoja yake ni hoja ya bangili: siri imo katika jinsi vipande vinavyoungana.

Mwaka 1954, Yang na Robert Mills walipanua nadharia za aina hiyo, zinazoitwa nadharia za geji. Ndani yake, nyuga mbili zinazotofautiana kwa ulinganifu tu ni kitu kimoja katika maumbile. Mwanafizikia anayetaka kujumlisha hali zote zinazowezekana hana budi kuepuka kuhesabu kitu kimoja mara nyingi. Kanuni ya mgunda ni kwamba kila kitu huhesabiwa kwa sehemu inayotokana na ulinganifu wake: pembetatu ya kawaida huhesabiwa moja, yenye pande mbili sawa huhesabiwa nusu, na yenye pande zote sawa huhesabiwa sudusi. Ludvig Faddeev na Victor Popov, mwaka 1967, walilitatua tatizo hilo katika nadharia za geji kwa kuingiza nyuga za ziada ambazo haziwakilishi chembe yoyote inayoweza kupimwa. Wanafizikia waliziita mizuka. Kwa lugha ya migunda, mizuka hiyo si miujiza: ni kumbukumbu ya ulinganifu ambao daftari la kawaida lingeusahau.

Katika nadharia ya nyuzi, Lance Dixon, Jeffrey Harvey, Cumrun Vafa na Edward Witten walionyesha mwaka 1985 kwamba uzi unaosafiri katika anga lililogawanywa kwa ulinganifu wake unaweza kujifunga kwa njia ambayo haiwezekani katika anga la awali. Mwisho wa uzi haufiki pale ulipoanzia, bali hufika mahali panapolingana napo kwa ulinganifu. Huyo ni siafu wa bangili ya pili. Aidha, mgunda wa mikunjo ambao Deligne na Mumford waliuchunguza mwaka 1969 ndio ambao wanafizikia wa nyuzi hufanyia mahesabu yao. Dhana ya Witten ya mwaka 1991 kuhusu mgunda huo, iliyotokana na fizikia, ilithibitishwa na Maxim Kontsevich mwaka 1992. Katika mwaka 2024 pia, kundi la wanahisabati tisa wakiongozwa na Dennis Gaitsgory na Sam Raskin lilitangaza uthibitisho wa dhana ya Langlands ya kijiometri, ambayo ukumbi wake ni mgunda, na ambayo Anton Kapustin na Witten walikuwa wameihusisha na nadharia za geji mwaka 2006.

7. Hitimisho

Mwezi Novemba 1967, Grothendieck alifundisha hisabati nchini Vietnam huku nchi hiyo ikishambuliwa kwa mabomu. Vyuo vya huko vilikuwa tayari vikifundisha kwa Kivietinamu. Hilo halikutokea kwa bahati: Hoàng Xuân Hãn alikuwa amechapisha kamusi ya istilahi za kisayansi mwaka 1942, miaka 25 kabla ya ziara hiyo. Istilahi zilitangulia, hisabati ikafuata.

Kiswahili nacho kimepiga hatua. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na hisabati ya shule za msingi nchini Tanzania imefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Lugha iliyohifadhi thuluthi, humusi na sudusi haikuwa mgeni wa hesabu tangu zamani. Kinachokosekana ni ujasiri wa kupanda hadi ngazi za juu, pamoja na uvumilivu wa kutafuta istilahi katika lugha jirani badala ya kukopa kwa haraka.

Imebainika kwamba dhana inayohesabiwa miongoni mwa zile ngumu katika jiometri ya kisasa inaelezeka kwa mawe ya Tabaka, ramani za Keroka na kamusi za mfasiri. Imebainika pia kwamba neno lake lilikuwa likisubiri katika Ekegusii na katika Kiswahili cha zamani. Wanaistilahi wanaweza kulikubali neno mgunda au kulikataa kwa hoja bora zaidi. Kazi ya kuliandaa shamba hilo, hata hivyo, ni ya wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa hisabati kwa pamoja, kwa kuwa hakuna upande mmoja wenye jembe na mbegu vyote viwili.